Tangazo la nyumba ya wageni Dodoma linabofywa sana, wageni ni wachache: takwimu zinaweza kusaidia?

Mkazi wa Ipagala:
Ndugu wanajukwaa, ninaendesha nyumba ya wageni hapa Dodoma, na kwa miezi sita nimekuwa nikilipia matangazo ya Google Ads. Nimepakua orodha ya maneno ambayo watu waliyaandika kabla ya kubofya tangazo, nikakuta mafungu ya maneno zaidi ya elfu moja, mengi yakiwa yamebofywa mara moja au mbili tu. Fungu moja limebofywa mara 9 likaleta mgeni 1, jingine mara 400 likaleta wageni 12, na la tatu mara 60 bila kuleta hata mmoja. Je, niongeze dau, yaani kiasi ninachokubali kulipa kwa mbofyo, kwenye la kwanza na kulifuta la tatu? Fedha inayopotea hapa ndiyo ninayolipia mishahara.

Mtakwimu wa Nkuhungu:
Ndugu, usifanye lolote kati ya hayo kwa sasa. Mibofyo 9 ni michache mno kutoa ushahidi. Tuseme wastani wa matangazo yako yote ni wageni 2 kwa kila mibofyo 100. Kila fungu likopeshe mibofyo hiyo 100 na wageni wake 2, juu ya hesabu yake halisi. La kwanza litakuwa na wageni 3 kwa mibofyo 109, takriban asilimia 2.75, na la pili wageni 14 kwa mibofyo 500, yaani asilimia 2.8. Hayo mawili sasa yanakaribia kulingana, ingawa mwanzoni la kwanza lilionekana kulizidi la pili zaidi ya mara tatu. Kiasi cha kukopesha kikadiriwe kutokana na jinsi mafungu yako yanavyotofautiana. Ama hilo la tatu, hata kama kiwango chake halisi ni asilimia 2, uwezekano wa kukosa mgeni katika mibofyo 60 ni karibu asilimia 30, kwa hiyo hujapata sababu ya kulifuta.

Faida kubwa zaidi utaipata ukiyapasua mafungu kuwa maneno, kisha ukatumia rigresheni ya lojistiki, yaani modeli ya takwimu inayokadiria uwezekano wa jambo kutokea au kutotokea, kukadiria mchango wa kila neno, kwa sababu neno moja hurudi katika mafungu mengi na hivyo lina ushahidi wa kutosha. Neno "Dodoma" limo karibu kila mahali, kwa hiyo halibagui chochote. Karen Spärck Jones, mtaalamu wa kutafuta habari kwa kompyuta, alikwisha kueleza mwaka 1972 kwamba neno lililomo katika matini chache ndilo linalostahili uzito. Ninashuku tatizo lako ni neno "kupanga". Tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, wengi wanatafuta vyumba vya kupanga kwa mwezi, nao hawatalala kwako. Modeli ikithibitisha hivyo, liweke neno hilo miongoni mwa yanayozuiwa, ili tangazo lisimtokee anayeliandika.

Mwalimu wa Kiswahili, Kongwa:
Ninaongeza tahadhari moja. Programu nyingi za kuchambua matini zilitengenezwa kwa lugha zinazobadilisha mwisho wa neno, ilhali Kiswahili hubadilisha sana mwanzo wake. "Chumba", "vyumba" na "vyumbani" yahesabiwe pamoja, lakini ukikata viambishi bila uangalifu utabaki na "umba", na "nyumba" nayo itaingia humo humo, wakati anayetafuta nyumba na anayetafuta chumba cha usiku mmoja ni watu wawili tofauti kabisa. Vilevile "gesti", "gest" na "loji" zinahitaji kamusi ndogo utakayoiandika mwenyewe.

Mkazi wa Ipagala:
Nimeangalia: "kupanga" limo katika mafungu mengi sana. Lakini wageni wengi hunipigia simu, na wale 12 niliowataja ni waliojaza fomu tu.

Mtakwimu wa Nkuhungu:
Basi anza hapo kabla ya modeli yoyote, kwani hesabu zangu zote zinategemea idadi hiyo. Weka kwenye tangazo namba ya simu isiyotumika kwingine, na uandike tarehe ya kila anayepiga na kama alilala. Tenganisha pia miezi ya Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, kwa sababu vyumba hujaa hata bila tangazo. Halafu pima dau lako: mgeni akikuachia faida ya shilingi 15,000, na wageni wakiwa 2 kwa kila mibofyo 100, mbofyo mmoja usizidi shilingi 300.