Kaboni inayobeba platinamu inaliwa, nihamie oksidi?

Binti_Kathodi: Wakuu, seli yangu ya hidrojeni, ile inayotengeneza umeme kwa hidrojeni na hewa, inanitia aibu mbele ya msimamizi. Kathodi (upande wa hewa) ni kichocheo cha platinamu juu ya kaboni ya kawaida, lile vumbi jeusi kama masizi linalong'ang'ania kucha hadi Jumapili. Ikiwaka mfululizo haina neno. Lakini naiwasha asubuhi, naizima jioni, na wiki kadhaa baadaye umeme umeporomoka. Nimekata kipande nikakitazama kwa darubini ya elektroni: tabaka la kathodi limekonda karibu nusu, la anodi (upande wa hidrojeni) liko vilevile. Nitupe kaboni nitumie oksidi ya titani?

Fundi_Volti: Pole mdogo wangu. Ukizima, hewa inapenya hadi kwenye anodi. Asubuhi ukifungulia hidrojeni, kwa muda mfupi upande mmoja wa anodi una hidrojeni na mwingine bado una hewa. Kathodi inayotazamana na ile hewa inapanda hadi karibu volti 1.5. Kihesabu kaboni huanza kuliwa kwenye volti 0.2, ila kwa mwendo wa kobe, kwenye 1.5 inaondoka mbio ikiwa kaboni dioksidi. Platinamu ya nanomita 2 au 3 inakosa pa kushika, inarundikana. Unapitisha naitrojeni kwenye anodi kabla ya kuwasha, kuisukuma hewa nje?

Binti_Kathodi: Sipitishi 🙈 Mtungi ukiisha, kupata mwingine ni saini tatu. Lakini kaka, gari linalotumia seli kama hii litabeba mtungi wa naitrojeni?

Mama_Bati: Hapo umemshika! Jaribu kwanza kaboni iliyochomwa ikawa grafiti. Inavumilia zaidi, ingawa uso wake ni mdogo na platinamu haitawanyiki vizuri. Oksidi ya titani tupu haipitishi umeme. Itie niobi ipitishe, au tumia Ti4O7, oksidi ya titani iliyopunguzwa oksijeni, inayopitisha umeme. Mimi nilihangaika na oksidi ya bati yenye antimoni. Volti 1.5 haikuitisha, ila antimoni ilikuwa inayeyuka kidogo kidogo kwenye asidi na ukinzani ukapanda. Halafu ukilinganisha, usidanganyike na asilimia za uzito wa platinamu: oksidi ya bati ina uzito zaidi ya mara tatu ya kaboni kwa ujazo uleule. Kila utakachochagua, kipandishe na kukishusha kati ya volti 1.0 na 1.5 mara 5,000, upime uso wa platinamu kabla na baada.

Binti_Kathodi: Asante dada. Grafiti nakopa maabara ya jirani kesho. Fomu ya naitrojeni nimeshajaza, saini moja tayari.