Ulinganisho: poti imekaliwa; tuzime mchakato, tuhame, au tugawane poti mapema?

Msanidi_Moro
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Timu yetu inaandika seva kwa Flask (zana ya Python ya kutengeneza programu za wavuti), ambayo kwa kawaida husikiliza kwenye poti 5000 (poti ni namba ya mlango ambao programu hupokelea maombi ya mtandao), na wenzetu wanaotumia Mac wanakuta poti hiyo imekaliwa hata kabla hawajawasha chochote. Mmoja anashauri tuzime mchakato ulioikalia, mwingine anasema tuhamie 5001 yaishe, na wa tatu anataka kila mradi upewe poti zake katika faili la mipangilio. Naomba tulinganishe njia hizi tatu, maana kila mtu akifuata yake, maelekezo tuliyowaandikia wageni wa mradi hayatamsaidia yeyote.

BintiSeva
Mkuu, kabla ya kuchagua njia, jueni kwanza nani ameikalia. Kwenye Mac andikeni `lsof -nP -iTCP:5000 -sTCP:LISTEN`. Mkiona jina ControlCe (ControlCenter iliyokatwa), huyo ni mpokeaji wa AirPlay, huduma ya Apple ya kurusha picha na sauti kati ya vifaa, ambaye tangu macOS Monterey ya mwaka 2021 anashika poti 5000 na 7000. Ushahidi mwingine ni jibu lenyewe: `curl -i http://localhost:5000` inarudisha 403 (umekatazwa) pamoja na mstari `Server: AirTunes`, na hapo wengi huanza kuchimba ruhusa za programu yao wakati ombi halijaifikia kabisa. Kuuzima mchakato huo kwa `kill` hakusaidii, kwa kuwa mfumo huuwasha tena. Ama mzime AirPlay Receiver kwenye mipangilio ya mfumo, ama mhame; mimi ningehama, kwani si haki kumtaka mwenzako aache huduma ya kompyuta yake kwa ajili ya namba tu.

FundiKanzidata
Kuhusu AirPlay nakubaliana na BintiSeva, ila njia ya kuzima isidharauliwe. Mara nyingi aliyekalia poti ni seva yako mwenyewe ya jana, iliyobaki hai baada ya terminali kufungwa, na hapo kuhama ni kuficha ugonjwa: utaishia na seva mbili, moja ikiwa na msimbo wa zamani, zote zikiandika kwenye kanzidata ileile. Izime, lakini kwa utaratibu. `kill` peke yake hutuma ishara ya 15, inayoipa programu nafasi ya kufunga mafaili na miunganisho yake, ilhali `kill -9` haitoi nafasi hiyo, na kwa kanzidata hiyo ni hatari.

Mgongano unaonitisha zaidi ni ule usiotoa kosa lolote. Kwenye Mac, kanzidata ya PostgreSQL iliyosakinishwa moja kwa moja inaweza kusikiliza 127.0.0.1:5432 (yaani kompyuta yenyewe tu) huku Docker, zana inayoendesha programu ndani ya vifurushi viitwavyo kontena, ikifungua poti hiyohiyo kwa anwani zote, na zote mbili zikawaka bila kulalamika. Ombi lako linakwenda kwa ile yenye anwani mahususi zaidi, nawe unaambiwa nenosiri si sahihi au jedwali halipo, ilhali kontena halina tatizo. Andika `"5433:5432"` kwenye faili la Compose, linalopanga kontena za Docker: namba ya kushoto ni ya kompyuta yako, ya kulia ni ya ndani ya kontena, na hiyo ya ndani haiguswi.

Msanidi_Moro
Nashukuru. Je, tukiiachia zana yenyewe itafute poti iliyo wazi? Naona Vite (seva ya kuendeshea kurasa za mbele wakati wa kuziandika) ikikuta 5173 imekaliwa inahamia 5174 bila kuuliza.

MzeeWaLinux
Kwa majaribio ya kiotomatiki, naam. Ombeni poti 0, na mfumo wenyewe utawapa iliyo wazi. Kwa kazi ya kila siku sishauri hata kidogo. Kivinjari hutambua asili ya ukurasa kwa itifaki, jina na poti kwa pamoja, hivyo mkihamia 5174 ruhusa za CORS (zinazoamua ukurasa upi uruhusiwe kusoma majibu ya seva) zilizoandikwa kwa 5173 hazifanyi kazi tena. Na mnaojaribu malipo ya simu kupitia ngrok (huduma inayoipa seva ya kompyuta yako anwani ya mtandaoni), taarifa za malipo zitaendelea kupelekwa kwenye poti ambayo seva yenu imekwisha kuihama. Vidakuzi, kinyume chake, havitenganishwi kwa poti, kwa hiyo miradi miwili ya localhost yenye kidakuzi cha jina moja hufutiana vikao. Wekeni `strictPort: true`, Vite isimame na kusema wazi kuwa poti imekaliwa.

Mimi nasimama na yule wa tatu wenu. Mradi mmoja uchukue 8100 hadi 8109, mwingine 8110 hadi 8119, namba zikae kwenye `.env` (faili la mipangilio ya mradi), na mfano wake uhifadhiwe pamoja na msimbo. Epukeni zilizo chini ya 1024, ambazo kwenye Linux kwa kawaida huhitaji haki za msimamizi, na zile za kuanzia 32768, ambako Linux huchukua poti za muda kwa miunganisho inayotoka.

BintiSeva
Niongeze kwa wenzetu wa Windows. `netstat -ano | findstr :8100` huonyesha namba ya mchakato, na `taskkill /PID` ikifuatiwa na namba hiyo pamoja na `/F` huuzima kwa nguvu. Mkinyimwa ruhusa ya kufungua poti na netstat haionyeshi mtu, huenda Hyper-V, mfumo wa Windows wa kuendesha mashine pepe, imeihifadhi; orodha hupatikana kwa `netsh interface ipv4 show excludedportrange protocol=tcp`. Masafa hayo yanaweza kubadilika kompyuta ikiwashwa upya, kwa hiyo, Msanidi_Moro, kabla hamjaafikiana kuhusu 8100, kila anayetumia Windows aendeshe amri hiyo kwenye mashine yake na kuleta orodha.