Wauza lenzi Kariakoo, acheni kutuuzia "duara" lisiloenea kwenye sensa zetu!

Wakuu, nimerudi juzi kutoka Amani, Usambara Mashariki, na picha 144 ambazo hazina kazi hata moja. Siku nne msituni, nauli, chakula, kijana wa kubeba vifaa na heshima yangu kwa mteja, vyote vimekwenda na maji kwa sababu ya muuzaji mmoja aliyeniuzia lenzi ya jicho la samaki, ile inayoona kwa upana mno, akaniangalia usoni akasema, "Hii inaingia kwenye kamera yako bila shida, kaka."

Kuingia, iliingia. Ilijifunga kwenye maunti, ile pete ya kamera ya kufungia lenzi, vizuri kabisa. Lakini lenzi kukubali maunti ni jambo moja, na picha yake kuenea kwenye sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga, ni jambo lingine, na huyu bwana analijua hilo kwa sababu ndiyo biashara yake ya kila siku.

Niwaeleze wale ambao hawajawahi kuishika. Lenzi za jicho la samaki ziko aina mbili. Kuna inayojaza fremu yote, hiyo ndiyo wengi mmeiona kwenye video za muziki. Na kuna ya duara: inakupa mviringo katikati ya picha, pembeni kote weusi, na ndani ya mviringo umo upana wa digrii 180 kutoka ukingo hadi ukingo, upime upande wowote. Ukiilaza kamera ikatazama juu, unapata anga lote mpaka kwenye upeo wa macho. Sasa, lenzi ya duara ya milimita 8 (hiyo ni fokasi, si upana wa picha) kama hii yangu inatupa mviringo wenye upana wa kama milimita 22 na nusu. Sensa ya fulfremu, yaani zile kamera za sensa kubwa, ni milimita 36 kwa 24, mviringo unakaa wote. Sensa za hizi Canon ndogo ambazo wengi wetu tunazo ni 22.3 kwa 14.9. Chukueni rula mchore. Mviringo wa 22 na nusu utakaaje kwenye kimo cha 14.9? Unakatwa juu na chini, karibu milimita 4 kila upande. Karibu robo nzima ya duara inaangukia nje ya sensa. Kwa kimo unabaki na digrii kama 111 badala ya 180, na picha inatoka na umbo la pipa fupi nene.

Kwa sensa hizi ndogo kuna lenzi yake. Sigma walitengeneza ya milimita 4.5 mahususi kwa ajili hiyo, mviringo wake ni milimita 12 na kitu, unaenea bila kuguswa. Kwa hiyo jibu lilikuwepo. Angeniambia tu "kwa kamera hii tafuta 4.5", ningemshukuru na kuondoka.

Haya, tuje dukani. Niliiweka kamera yangu juu ya kaunta. Akaichukua, akaigeuza, akasoma namba ya modeli. Nikamwambia kazi ni ya msituni, nahitaji duara zima. Akatoa simu akanionyesha picha za mfano: duara safi, kamili, halijakatwa popote. Sikuuliza zilipigwa kwa kamera gani, na yeye hakusema. Tukajaribu mle mle dukani, taa moja hafifu, dari jeusi. Juu kweusi, chini kweusi, nikadhani ni giza la duka. Nikalipa 1,150,000. Basi la Tanga lilikuwa alfajiri ya kesho yake.

Kazi yenyewe ni ya mwanafunzi wa uzamili wa misitu. Unafunga kamera kwenye tripodi, uso wa lenzi unatazama mbinguni, unasawazisha kwa pimamaji, sehemu ya juu ya picha unaielekeza kaskazini kwa dira. Unapiga alfajiri au kukiwa na mawingu, anga liwe na mwanga mmoja. Kisha programu inatenganisha jani na anga, inahesabu mwanga unaofika chini na wingi wa majani. Na inabidi uchutame chini ya lenzi ukibonyeza, maana kioo cha mbele kimebenuka kama balbu na kinaona kila kitu, hata kofia yako. Nimepiga magoti kwenye tope chini ya miti ya misambu saa kumi na mbili asubuhi, umande unadondoka, kila dakika nafuta kioo kwa shati la ndani kwa sababu kioo cha hivyo hakina pa kufungia filta ya kukikinga.

Picha ya kwanza tu, mwanga ulipokuwa wa kutosha, nikaona. Juu pamenyooka, chini pamenyooka. Yule kijana akauliza, "Kaka, kaskazini iko wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Wakuu, ngojeni niwaambie kwa nini hiki si kitu kidogo. Katika vipimo hivi kuna pete muhimu sana ndani ya duara la picha, digrii 57.5 kutoka utosini, yaani kutoka juu kabisa ya kichwa. Pale, majani yawe yamelala au yamesimama, hesabu ya wingi wake haiyumbi sana, ndiyo maana watafiti wanaitegemea. Picha yangu kwa kaskazini na kusini inaishia kama digrii 55 na nusu, ndiyo nusu ya zile 111. Pete ile ile anayoihitaji zaidi ndiyo iliyokatwa. Tukajaribu kuokoa jahazi: kila kituo picha mbili za kawaida, mbili kamera imegeuzwa digrii 90, tuje kuziunga. Vituo 36. Upepo ukivuma kidogo tawi limeshahama, ukungu ukipita anga limebadilika rangi. Haziungani. Nimekesha usiku mbili kwenye kompyuta, haziungani.

Na kinachoniuma zaidi, lenzi hizi zilizaliwa kwa ajili ya anga. Mwaka 1924 Robin Hill wa Cambridge, yule yule wa utafiti wa jinsi majani yanavyotumia mwanga, alibuni lenzi ya kupiga mawingu ya anga zima kwa picha moja. Anga zima! Miaka mia baadaye mtu ananiuzia robo tatu kwa bei ya zima.

Nimempigia. Kwanza akasema sijui kuitumia. Nilipomtajia vipimo vya sensa akasema nisome risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nimeisoma. Na yeye asome Sheria ya Ushindani ya 2003, inakataza kumpotosha mlaji, na maneno ya kwenye risiti hayafuti uongo uliosemwa kwenye kaunta. Malalamiko naandika wiki hii, picha zote nitaambatanisha.

Wale mtakaokuja kusema "kata kwenye Photoshop", nawaomba mnisamehe leo. Nikate nini? Kilichokosekana hakimo kwenye faili.

Ninachotaka kwa wauzaji wote wa hizi lenzi ni mstari mmoja kwenye boksi au kwenye tangazo: upana wa duara kwa milimita, na sensa inayolienea. Kalamu ya shilingi mia tano inatosha.

Mwanafunzi ana kibali cha kurudi msituni mwisho wa mwezi huu, na safari hii nakwenda bila malipo. Kama kuna mtu Tanga, Muheza au hata Dar mwenye bodi (kamera tupu bila lenzi) ya fulfremu ya maunti ya Canon, naomba anikodishie siku nne. Dhamana naweka. Lenzi ninayo.