Mjadala: Kofia iliyoshonwa kwa mkono kutoka Maskati, tupatane bei mpaka wapi?

Assalaam aleikum, wenzangu wasafiri. Naomba tulizungumze hili bila kuoneana haya.

Nilikwenda Maskati kwa shangazi, na kabla ya kurudi Unguja nikaingia soko la Mutrah kutafuta zawadi. Duka moja lilikuwa na kofia za mashine kwa riali 3, na za mkono kwa riali 45. Mswahili mwenzetu mmoja alikuwa ameishika ya mkono, anamwambia muuzaji: “Nakupa kumi. Kofia ni kofia.”

Si kweli. Mama yangu alishona kofia za kiua, zile za matundu yaliyodariziwa kwa mkono, mpaka macho yalipokataa, kwa hiyo kazi ile naijua. Kila tundu linatobolewa, linazungushiwa uzi pande zote, unahamia jingine, mamia kwa mamia. Kofia moja hula wiki nyingi, na yenye kazi nzito hupita mwezi. Iinue kwenye mwanga: matundu yamefunguka, upepo unapita. Igeuze: ndani ni safi karibu sawa na nje. Riali 10 kwa kazi hiyo ni dhuluma.

Najua mtaniambia mwenye duka si mshonaji. Kofia hizi aghalabu hushonwa na wanawake majumbani. Nilimuuliza muuzaji aliyeishona alilipwa ngapi, akacheka tu. Hapo ndipo penye uchungu.

Mchangiaji, Tanga: Dada yangu, mimi nikisafiri nina watu 14 wanaongoja zawadi. Ukirudi mikono mitupu unaambiwa umejisahau. Riali 45 mara 14 nizitoe wapi? Na kupatana ni desturi ya soko. Muuzaji anaanza juu makusudi, akijua utamshusha. Wewe unayelipa bila kusema kitu unatuharibia bei sisi tunaokuja nyuma.

Mwanzisha mada: Kaka, wanunulie wote 14 za mashine, sina ugomvi nazo. Waambie tu kuwa ni za mashine. Kupatana hata mimi nilipatana, ile ya 45 nikaichukua kwa 38. Nilinunua moja, ya baba, maana tangu mama aache kushona hajavaa kofia mpya ya mkono. Ninachokataa ni kazi ya mwezi kuvutwa mpaka karibu na bei ya mashine, halafu mtu akajisifu nyumbani kwamba kapata ya mkono kwa bei ya bure.

Na kama mfuko hauruhusu bei ya Mutrah, kofia za mkono zinashonwa hukuhuku kwetu, Unguja, Pemba na Lamu. Nenda kwa mshonaji mwenyewe, umpe mkononi.

Mlioko Maskati, kuna washonaji wanaouza wenyewe, bila kupitia dukani? Wanataka kiasi gani kwa kofia ya mwezi mzima?