Tupeane uzoefu: tukio la nje ya nchi lililowahi kugeuza kura yako

Mwanzisha mada:
Ndugu zangu, salaam. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mpiga kura huangalia ajira, makazi na gharama za maisha, na kwamba siasa za nje ni mambo ya wanadiplomasia. Imani hiyo ilinitoka mwaka 2025 hapa Kanada, nchi iliyonipa uraia. Mwanzoni mwa mwaka chama cha Conservative cha Pierre Poilievre kilikuwa kikiongoza kwa mbali katika kura za maoni, nami nilikwisha kuamua kukichagua kwa sababu ya ughali wa nyumba. Kisha Donald Trump akarejea madarakani, akatangaza ushuru dhidi ya bidhaa za Kanada, akawa anarudia kusema kwamba nchi hii iwe jimbo la 51 la Marekani. Tarehe 28 Aprili, nikiwa nimeinamia karatasi ya kura na penseli mkononi, nilikaa muda mrefu bila kuweka alama, kwa kuwa sikuwa nikijiuliza tena kuhusu nyumba, bali ni nani asiyeweza kutishwa na Washington. Nilichagua chama cha Liberal cha Waziri Mkuu Mark Carney, nacho kikashinda, huku Poilievre akipoteza hata kiti chake mwenyewe. Naomba nanyi mtueleze yaliyowakuta.

Mchangiaji wa pili:
Mimi sikupiga kura, nilishuhudia tu nikiwa mwanafunzi Taipei, Taiwan. Chama cha Rais Tsai Ing-wen kilishindwa vibaya katika chaguzi za mitaa za Novemba 2018, hata akajiuzulu uenyekiti wake. Mwaka uliofuata yakaja maandamano ya Hong Kong ya kupinga kubanwa na China, nchi inayodai kwamba Taiwan nayo ni yake, na vijana wakawa wanasema, "Leo Hong Kong, kesho Taiwan." Kule mtu hupigia kura mahali alipoandikishwa kaya yake, hakuna njia ya kupiga ukiwa mbali. Mwenzangu wa chumbani, ambaye 2018 alilala siku nzima ya uchaguzi, Januari 2020, katika uchaguzi wa rais, alisafiri kwa treni iliyojaa, akasimama safari nzima ili afike kwao. Hakubadili chama hata kidogo. Alichobadili ni uamuzi wa kubaki kitandani. Tsai alishinda kwa kura zaidi ya milioni 8, na nadhani tunapozungumzia athari za nje tunawasahau mno watu wa aina hii.

Mchangiaji wa tatu:
Ndugu mwanzisha mada, nakuelewa, ila Trump asibebeshwe yote. Katika uchaguzi huohuo nilijitolea kuwapigia simu wapiga kura, na wengi walianza kwa kushukuru kwamba Justin Trudeau, waziri mkuu wa Liberal aliyemtangulia Carney, ameondoka na kwamba Carney amewafutia watumiaji kodi ya kaboni, yaani tozo iliyowekwa juu ya mafuta ili kupunguza uchafuzi wa hewa. Marekani ilitajwa baadaye, lakini ilipotajwa sauti zilibadilika. Mzee mmoja alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika, kisha akaniomba nimsomee tena saa za kufunguliwa kituo chake cha kupigia kura.