Kozi ya kutibu kiwewe kwa mguso: nisome ipi?

Mkandaji_K
Habarini wadau. Kazi yangu ni kuchua, cheti cha masaji ninacho na kazi ninaipenda. Kinachonisumbua ni hiki: watu wanakuja kwa shida ya mgongo au shingo, nikiweka tu mkono begani machozi yanawabubujika. Yupo aliyeanza kutetemeka miguu, kisha akanyamaza, macho kayakodoa darini, nikimwita haitiki. Nilitoa mikono, nikamfunika, nikakaa pembeni nikimsemesha taratibu hadi akarudi. Alipokaa sawa akaanza kunisimulia ya utotoni. Hapo elimu yangu ikaishia.

Sasa nataka kusoma. Matangazo yamejaa: kuna kozi ya wikendi moja, ukitoka unaitwa "mponyaji wa kiwewe", yaani wa majeraha ya moyoni yanayoachwa na mambo ya kutisha, kuna ya miaka mitatu, na kuna nyingine mwili wenyewe huugusi, unapitisha viganja hewani tu. Nisaidieni kuchambua, hela ninayo ya kozi moja.

Nasaha_Mkongwe
Mkuu, hapo ulipotoa mikono ulifanya jambo ambalo kozi nyingi za mguso hazilifundishi.

Mimi ni mshauri nasaha wa siku nyingi, baadaye nikaongeza mafunzo ya tiba inayopitia mwilini. Tuanze na hiyo ya viganja hewani maana haina mambo mengi. Inaitwa Therapeutic Touch, ilianzishwa Marekani mwaka 1972 na Dolores Krieger, profesa wa uuguzi, pamoja na Dora Kunz. Wafuasi wake husema wanahisi nishati inayouzunguka mwili na kuisawazisha. Mwaka 1998 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha jaribio lililobuniwa na mtoto wa shule, Emily Rosa. Watoa tiba hiyo 21 walipenyeza mikono kwenye kizuizi wasichoweza kuona upande wa pili, mtoto anasogeza mkono wake juu ya mmoja wao bila kuugusa, wao wataje ni upi. Mara 280 walizojaribu, walipatia 123. Ukibahatisha tu unategemea 140.

Mguso halisi ni habari nyingine. Ngozi yenye vinyweleo ina nyuzi za neva zinazoitikia zaidi mpapaso wa polepole, kama sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na mpapaso huo ndio watu wengi huuona mtamu. Lakini ubongo nao una maswali yake: nani huyu, na nimemruhusu? Mkono uleule, mwendo uleule, kwa mtu aliyewahi kushikwa kwa nguvu ni king'ora. Huyo wako aliyeganda hakuwa "anatoa maumivu". Mwili ulikuwa unajilinda.

Hiyo ya miaka mitatu nadhani ni Somatic Experiencing, njia iliyobuniwa na Peter Levine. Ninachoiheshimu ni kwamba mwanafunzi mwenyewe lazima akae kwenye kiti cha mteja, tena apeleke kazi zake kwa msimamizi. Sehemu kubwa ni kumsaidia mtu kufuatilia hisia za mwili wake kidogo kidogo, si kumshika. Tafiti zake bado ni chache. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013, kwa watu wazima wenye ugonjwa unaofuata kiwewe, ilipendekeza tiba ya kisaikolojia ya utambuzi na tabia inayolenga kiwewe, na EMDR, ile ya kusogeza macho. Mguso haukutajwa kama tiba yake.

Kwa hiyo swali langu kwako: unataka kuwa mchuaji ambaye watu hawa wako salama mikononi mwake, au unataka kuwa tabibu wa kiwewe? Kwa la kwanza inatosha kozi fupi nzuri ya kuwahudumia watu wenye kiwewe, pamoja na mshauri mmoja unayemjua wa kuwapeleka. La pili linaanzia kwenye ushauri nasaha au saikolojia, mguso unafuata baadaye sana. Ukigeuza mpangilio huo utajikuta umefungua jambo usiloweza kulifunga.

Upande_wa_Kitandani
Mimi ni mteja. Wa kwanza kunichua alikuwa na vyeti ukuta mzima, akaniambia "lia tu dada, maumivu yanatoka." Sikutaka kulia. Sikurudi.

Ninayekwenda kwake sasa hajawahi kuniuliza nini kilinipata. Ananiambia, "naomba nihamie bega la kushoto," halafu anangoja. Tulikubaliana nikiinua kidole anaacha, hata katikati. Nguo sivui, na kitanda kakigeuza ili niuone mlango. Ya moyoni nampelekea mwanasaikolojia wangu.

Mikono_Miwili
Mzee Nasaha, mimi nilisoma hiyo ya hewani. Wateja wangu wanatulia mpaka wanasinzia. Nao wanadanganya?

Nasaha_Mkongwe
Hapana ndugu yangu, siwabishii. Mtu aliyelala chumba kimya, na mwenzake kampa muda wote bila haraka, mbona atatulia. Utulivu huo ni wake na ni mzuri. Ugomvi wangu unaanza pale anapoambiwa kwamba nishati yake imesawazishwa, kwa hiyo kwa mwanasaikolojia haina haja tena. Kama huwaambii hivyo, hatuna kesi mimi na wewe.

Mkandaji_K
Asanteni. Nadhani nabaki kuwa mchuaji, ila mchuaji anayejua anachokiona. Nikiwapigia hao wa kozi fupi, niwabane kwa swali gani?

Nasaha_Mkongwe
Waulize wanafundisha vipi ridhaa, na kwa mazoezi au kwa maneno tu. Uliza mteja akilalamika, malalamiko yanakwenda kwa nani. Kisha uliza mwanafunzi akikutana na mtu aliyeganda kama yule wako, anampigia nani. Wakikutajia msimamizi na saa anazopatikana, endelea kuongea nao. Wakisema kwa njia yao hilo halitokei, kata simu. Na huyo dada wa Upande wa Kitandani, yale aliyoyaandika yachape uyabandike kazini kwako, akiridhia.

Upande_wa_Kitandani
Ameridhia.