Sensa ya noki: tupeane uzoefu, ilikusumbuaje na uliitibu vipi?

SpanaKumi

Wakuu, salaam. Naanzisha uzi huu kwa sababu nimepoteza wiki tatu na kununua sensa mbili mpya kabla ya kujua gari langu linaumwa nini. Sitaki mwingine apite njia hiyo.

Gari ni la silinda nne, la petroli. Siku moja taa ya injini iliwaka, na gari likawa zito. Tambarare linakwenda, ila ukianza kupanda kilima unakanyaga mafuta injini inanguruma tu, haivuti. Mafuta nayo yakawa yanaisha mapema. Kulipima kwa mashine, ikaja kodi (namba ya hitilafu) P0325. Fundi akasema noki sensa, ile inayosikiliza injini ikigonga, imekufa, tafuta nyingine. Nikanunua, akafunga, akafuta kodi. Siku mbili, taa ikarudi. Akasema niliyonunua ni feki. Nikanunua ya pili. Siku mbili, taa ikarudi.

Hapo ndipo nilipokaa kusoma kodi yenyewe inasema nini. P0325 haisemi sensa imekufa. Inasema saketi ya sensa ina hitilafu, na saketi ni sensa, soketi na waya mpaka kwenye kompyuta ya gari. Sensa ndani ina kipande cha kauri ambacho kikitikiswa hutoa umeme kidogo. Imekazwa kwenye bloku (mwili wa injini) ili isikie silinda. Mafuta yakilipuka ovyo ndani ya silinda, na hiyo ndiyo noki, bloku hutetemeka kama mara 6,000 au 7,000 kwa sekunde kulingana na upana wa silinda, sensa inaisikia sauti hiyo, na kompyuta inachelewesha cheche digrii kadhaa mpaka kugonga kutulie. Kompyuta ikiona haipati taarifa ya kuaminika, haikai kusubiri. Inachelewesha cheche kabisa ili kuilinda injini. Ndiyo maana gari linalegea hata kama injini ni nzima.

Kwangu ilikuwa soketi. Pini moja ilikuwa imeota kutu ya kijani. Nilisafisha, haikudumu, nikakata na kuunga soketi nyingine. Sensa iliyokuja na gari nimeirudisha, na ndiyo inayofanya kazi mpaka leo. Kinachonisumbua bado ni kwamba injini ikizunguka sana, mara moja moja gari hulegea kidogo bila taa kuwaka.

Ninyi je?

BondeLaV

Mkuu, umegusa kidonda. Yangu ni V6, zile ambazo sensa zinakaa bondeni katikati ya safu mbili za silinda, chini ya manifoldi ya hewa. Injini ya 1MZ-FE ya Toyota iko hivyo, na V8 yao ya 2UZ-FE pia. Kuifikia sensa ni lazima ufungue nusu ya juu ya injini.

Nilipata P0330, yaani safu ya pili. Kabla ya kufungua chochote nilimwomba fundi apime kuanzia kwenye soketi ya kompyuta, waya ule ule unaokwenda kwenye sensa. Ukasoma kama umekatika. Tulipofungua tukakuta kiota. Panya walikuwa wamejikusanyia majani na vipande vya sponji kule bondeni, penye giza na joto, na waya umetafunwa mpaka shaba inaonekana.

Hapa natofautiana nawe kidogo. Kwenye injini ya namna hii sikurudisha cha zamani hata kimoja. Sensa zote mbili mpya, waya mpya, gasketi mpya. Kazi ya kufungua ni kubwa kuliko spea yenyewe, na kuirudia baada ya miezi sita kwa sababu ya sensa ya upande wa pili ni maumivu nisiyomtakia mtu. Na ukifungua manifoldi, ziba matundu ya hewa kwa vitambaa safi na uvihesabu. Nati moja ikidondoka humo, tutakuwa tunaongea habari nyingine kabisa.

MultimitaMkononi

Wengi huniletea sensa wanasema "nimepima ohm, haisomi, imekufa". Kauri haipitishi umeme. Sensa nyingi za zamani, zile zinazokazwa kwa nyuzi za skrubu zake zenyewe, kusoma zaidi ya mega-ohm 1 ndiyo uzima wake. Nyingine zimewekewa rezista ndani, hivyo zinasoma: kuna za Toyota zenye tundu la bolti katikati zinazotakiwa kuonyesha kilo-ohm 120 hadi 280 kwenye nyuzi joto 20. Bila kitabu cha injini yako, namba ya ohm haikuambii chochote.

Mimi huweka multimita kwenye milivolti za AC, natoa soketi, kisha nagonga bloku karibu na sensa kwa mpini wa bisibisi. Namba ikiruka, sensa inasikia. Usiigonge sensa yenyewe, kauri hupasuka.

SpanaKumi, swali kwako. Waya wa sensa ile mara nyingi umevikwa wavu wa chuma unaozuia kelele za umeme wa koili na plagi. Ulipounga soketi, wavu uliurudishia?

MgeniBarabarani

Samahanini wakuu, naomba kuuliza. Kwangu taa imewaka jana, kodi P0325. Naweza kuendelea kuendesha mpaka wikiendi?

KokotoKwenyeKopo

Dada au kaka, ukisikiliza husikii injini ikigonga, endesha taratibu, usibebe mzigo mzito, usikanyage mafuta mpaka mwisho. Ukisikia sauti kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo wakati wa kupanda, achia mafuta, na usiendelee kulilazimisha.

Ngoja nieleze kwa nini nasema hivi. Mimi nilikuwa na sauti hiyo. Gereji moja wakabadilisha sensa, sauti ikabaki. Nyingine wakaja na ufumbuzi wao: wakakata waya wa sensa na kufunga rezista mahali pake. Taa ikazima. Gari likawa jepesi ajabu, nikafurahi sana.

Sikujua walichofanya ni kuiziba kompyuta masikio. Ilikuwa inaona rezista, ikaamini kila kitu ni kimya, ikarudisha cheche mbele, yaani mapema kabisa, na injini ikawa inagonga bila mtu wa kuizuia. Baada ya miezi minne ikaanza kutoa moshi. Tulipofungua, pistoni ya tatu ilikuwa imemeguka ukingo pale ringi zinapokaa.

Na chanzo hakikuwa sensa hata siku moja. Thermostati (vali inayoruhusu maji ya kupoza injini) ilikuwa imekwama nusu, injini inapata joto kuliko kawaida, vichwa vya pistoni vimejaa masizi, na mimi natia petroli ya oktani 91 kwenye injini ambayo kitabu chake kimeandika 95. Sensa ilikuwa inafanya kazi yake kwa uaminifu, sisi tukainyamazisha. Naandika hili nikiwa bado naumia. Mtu akikuambia atakuwekea rezista, chukua funguo zako uondoke.

BoltiMoja

Naongeza la kukaza, maana wengi hulipuuza. Sensa ya bolti moja katikati kwa kawaida hukazwa kwa Nm (nyutoni-mita) 20 hivi. Mimi niliikaza kwa mkono mpaka ikalia, ikapasuka, na ufa hauonekani mpaka uikwangue uchafu. Ikilegea nayo haisikii. Uso wa bloku usafishwe ubaki chuma kitupu, usiweke washa (kile kipete cha bolti) wala gundi ya nyuzi za bolti. Kwenye injini za boksa, zile ambazo silinda zimelala pande mbili, angalia na upande ambao mkia wa waya unaelekea, kitabu kinautaja.

Kitu kingine: bati la kukinga joto la ekzosi likilegea, au braketi ya jenereta, sensa inaweza kudhani ni noki. Niliwahi kuhangaika na gari ambalo kasoro yake ilikuwa nati moja ya bati hilo.

SpanaKumi

MultimitaMkononi, nimefungua leo asubuhi. Wavu niliukata na kuuacha unaning'inia, nikaunga waya wa kawaida wa kama sentimita 30. Nimetafuta waya wenye wavu, nikaunganisha upya, nikaufunga wavu upande mmoja tu kama mchoro wa gari unavyoonyesha.

Kisha nikachomeka mashine na kupanda kile kilima cha siku zote, mke wangu akisoma namba. Jana kwenye mizunguko 4,500 kwa dakika kompyuta ilikuwa inachelewesha cheche digrii 6. Leo, kilima kile kile, gia ile ile, inacheza kati ya 0 na 1.

MgeniBarabarani, kabla hujanunua chochote, toa soketi uiangalie pini kwa tochi, halafu utuletee picha hapa.